UZI: Kutumia MRI (picha za sumaku) kujua mapema kama dawa inaua uvimbe wa titi. Namna ya kupiga, kupima na kutodanganyika

Vokseli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaomhudumia mgonjwa wa saratani ya matiti anayeanza tibakemikali kabla ya upasuaji: madaktari wa saratani, wapasuaji, watu wa radiolojia, wauguzi na wanafunzi. Swali ni moja. Wiki tatu baada ya dozi ya kwanza, vidole vikiwa bado havijahisi tofauti, je, picha inaweza kusema uvimbe huu utakwisha au utabaki?

Inaweza, kwa kiasi. Ila jibu halimo ndani ya picha moja, limo kwenye tofauti ya picha mbili. Na picha mbili zinaweza kutofautiana kwa mambo chungu nzima yasiyohusu dawa hata kidogo. Nataka tuyajadili hayo hapa kwa kina, maana ndiyo yanayoharibu kazi.

Kwanza tukubaliane tunatabiri nini. Tunatabiri kile ambacho patholojia huandika pCR: titi na tezi za kwapani zikishakatwa na kuangaliwa kwa hadubini, hakuna saratani vamizi iliyobaki. Ile iliyojifungia ndani ya mirija ikibaki, kwa tafsiri inayotumika zaidi bado huhesabiwa pCR. Kumbukeni hilo, lina madhara huko mbele.

Kwa nini tusipime kipenyo tu kwa rula? Kanuni za RECIST 1.1 za mwaka 2009 zinataka jumla ya vipenyo virefu ipungue asilimia 30 ndipo useme uvimbe umeitikia. Uvimbe wa mviringo ukipungua kipenyo asilimia 30, ujazo wake umeshapungua karibu asilimia 66 (0.7 × 0.7 × 0.7 = 0.343). Yaani unasubiri theluthi mbili za mzigo ziondoke kabla ya kusema neno. Tena uvimbe wa titi mara nyingi haunywei kama puto. Unatoboka-toboka kama chekeche, ncha mbili za mwisho zinabaki zilipokuwa, na rula inasoma vilevile.

Ndiyo maana Marekani, katika utafiti wa I-SPY 1, tawi la picha lililoitwa ACRIN 6657, walipima ujazo. Waliingia wanawake 216 wenye uvimbe wa sentimita 3 au zaidi. Ujazo wa MRI ulitabiri pCR vizuri kuliko mkono wa daktari, na tofauti ya AUC ilikuwa 0.14 mwanzoni mwa matibabu, 0.09 katikati na 0.02 mwishoni. (AUC ya 0.5 ni sawa na kurusha sarafu, 1 ni kutokosea kabisa.) Ziangalieni namba hizo kwa mpangilio wake: faida ya picha ni kubwa mapema, wakati bado unaweza kubadili kitu. Mwishoni mkono na picha karibu vinasema neno moja.

Ratiba iliyozoeleka ni picha nne: kabla ya dozi ya kwanza, wiki ya 3, wiki ya 12 wakati wa kuhama kutoka paklitakseli kwenda doksorubisini na siklofosfamidi, na kabla ya kisu. Kama uwezo ni wa picha mbili tu, chukua ya mwanzo na ya wiki ya 3. Ya mwanzo ikikosekana, zote zinazofuata ni hadithi isiyo na sura ya kwanza.

Chumba_cha_Sumaku

Mkuu Vokseli, ahsante kwa kuanzisha. Niongeze upande wa chumba cha mashine, kwa sababu ujazo huo huzaliwa huko.

Mgonjwa analala kifudifudi, matiti yananing'inia ndani ya koili maalumu ya matiti, kifaa kinachopokea ishara ya picha. Yasibanwe. Titi likibanwa, damu haipiti sawasawa na kontrasti (dawa ya sindano inayong'arisha picha) haifiki inavyotakiwa, kisha picha ya pili isipobanwa unaona "uvimbe umeongezeka". Andika kwenye fomu urefu wa mito, mikono ilikaa wapi, na koili ipi. Ziara ya pili rudia hivyohivyo.

Kontrasti ya gadoliniamu: 0.1 mmol kwa kilo. Kwa chupa ya 0.5 mmol/ml ni 0.2 ml kwa kilo, yaani mgonjwa wa kilo 60 anapata ml 12. Kasi ml 2 kwa sekunde, ikifuatiwa na ml 20 za maji ya chumvi kwa kasi ileile. Mpime uzito SIKU HIYO. Wagonjwa wa kemo hupungua au huvimba, na uzito ulioandikwa kwenye faili miezi mitatu iliyopita hauna kazi. Tumieni pampu ya sindano kama ipo. Mkono wa mtu leo unasukuma haraka, kesho polepole, na kipimo chote kinategemea muda.

Figo zikaguliwe kabla. eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) ikiwa chini ya 30, aina ya kontrasti inabidi ijadiliwe na daktari wa radiolojia, zile za zamani zenye muundo wa mnyororo ziepukwe kwa sababu ya hatari ya ngozi na viungo kukakamaa.

Picha zenyewe: moja kabla ya kontrasti, kisha mfululizo baada yake, kila moja sekunde 80 hadi 100. Tunachotaka ni moja ambayo katikati yake iko karibu dakika 2.5 baada ya sindano, na nyingine karibu dakika 7.5. Matiti yote mawili, mafuta yamezimwa. Tahadhari: usibadilishe marekebisho ya mashine katikati ya mfululizo. Mashine ikijirekebisha nguvu ya mapokeo baada ya picha ya kwanza, hesabu zote za mwako zinakuwa uongo.

Kabla hujamtoa mgonjwa, angalia moyo na mshipa mkubwa wa kifuani kwenye picha ya kwanza ya kontrasti. Havijawaka? Basi dawa imemwagika mkononi au pampu imekwama. Mshipa wa mgonjwa wa kemo umeshachomwa mno, hili hutokea. Usiipeleke picha hiyo kwa msomaji kana kwamba ni ya kawaida, atasoma "uvimbe umezimika".

Vokseli

Hapo kwenye moyo na mshipa umenena. Sasa hesabu ya ujazo, kwa wanafunzi.

Kila vokseli, yaani kijipande kidogo kabisa cha picha ya pande tatu, ina thamani kabla ya kontrasti (tuite A), dakika 2.5 (B) na dakika 7.5 (C). Mwako = (B − A) ÷ A × 100. Kizingiti kilichozoeleka ni asilimia 70: iliyovuka inahesabiwa, isiyovuka inaachwa. Mfano A = 200, B = 380, mwako ni asilimia 90, imepita. Kisha uwiano (B − A) ÷ (C − A): C ikiwa 350, ni 180 ÷ 150 = 1.2. Zaidi ya 1 maana yake kontrasti iliingia haraka na imeanza kutoka, tabia ya mishipa ya uvimbe inayovuja.

Hesabu vokseli zilizopita, zidisha kwa ujazo wa moja. Vokseli ya milimita 0.8 × 0.8 × 2 ni milimita za ujazo 1.28. Zikiwa 9,500 una sentimita za ujazo 12.2. Wiki ya 3 zikiwa 5,200 una 6.7. Upungufu ni asilimia 45. Kwenye ripoti za Kiingereza ujazo huu huandikwa FTV.

Kizingiti cha asilimia 70 si amri ya Mungu. Mashine yenu ikitoa mwako dhaifu, kinaweza kushushwa, lakini kikishawekwa kwa mgonjwa huyo kibaki hapohapo picha zote. Kubadilisha kizingiti kati ya picha ya kwanza na ya pili ni kosa ambalo hakuna atakayeliona kwenye ripoti.

Nesi_wa_Kliniki

Daktari, naomba kuuliza. Kwetu mgonjwa huja akiwa ameshafanyiwa biopsi (kuchukuliwa kipande cha uvimbe), wakati mwingine mara mbili. Tumpeleke lini? Na hii klipu ya chuma wanayosema iwekwe kuonyesha uvimbe ulipo, haitaharibu picha?

Dkt_Mwambao

Dada Nesi, swali zuri sana. Bora ni MRI kabla ya biopsi, lakini hilo halitokei mara nyingi, kwa hiyo andika tarehe ya biopsi kwenye fomu ya kuombea kipimo. Damu iliyovilia hung'aa kwenye picha ya kabla ya kontrasti, na msomaji asiyejua atadhani ni uvimbe unaowaka. Anayejua atatoa picha moja kwenye nyingine na kuona kwamba pale hapajaongezeka kitu. Pembeni ya jeraha lakini huwaka kweli, na hilo linaongeza ujazo wa picha ya mwanzo. Picha ya pili jeraha likiwa limepona, unaona upungufu ambao dawa haikuuleta.

Klipu iwekwe, na iwekwe mapema. Ni ya titani mara nyingi, salama ndani ya mashine. Huacha tundu jeusi la milimita chache, na kwenye picha za mtawanyiko tundu hilo hupanuka, kwa hiyo eneo la kupimia lichorwe mbali nalo. Hasara hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na mpasuaji aliyesimama juu ya titi ambalo uvimbe wake umeyeyuka wote na hajui akate wapi. Kwa uvimbe wenye pCR nyingi, yaani HER2 chanya (wenye protini ya HER2 kwa wingi) na ule usio na vipokezi vyote vitatu (viwili vya homoni na HER2), kutoweka klipu ni kumtendea mgonjwa vibaya.

Jambo la pili ambalo nyinyi mnaweza kulisaidia: muulizeni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Tishu ya kawaida ya titi huwaka kidogo zaidi au pungufu kulingana na mzunguko, na siku ya 7 hadi ya 14 ndizo tulivu. Kemo ikishazima ovari, tishu yote hupoa. Huo upoaji usihesabiwe kuwa ushindi juu ya uvimbe.

Barafu_na_Sumaku

Mimi ni wa fizikia tiba, naomba nishike upande wa DWI, yaani zile picha za mtawanyiko, maana watu wengi huipenda kwa kuwa haihitaji kontrasti.

Picha hizi hupima jinsi maji yanavyotembea. Uvimbe uliosongamana seli, maji hayana njia, namba ya ADC inakuwa ndogo. Dawa ikiua seli, njia zinafunguka, ADC inapanda, na mara nyingi inapanda kabla kipenyo hakijashuka. Hesabu ni logi asilia ya (ishara ya b = 0 ÷ ishara ya b = 800) ÷ 800; b ni kiasi ambacho picha imewekwa kuhisi mtembeo wa maji. Ishara 1,000 na 400: logi ya 2.5 ni 0.916, gawa kwa 800, unapata 1.15 × 10⁻³ mm²/s. Baada ya wiki tatu ishara 900 na 300: logi ya 3 ni 1.099, unapata 1.37. Imepanda karibu asilimia 20.

Je, ni kweli au ni kelele? Utafiti wa ACRIN 6698 ulirudia kipimo kwa wagonjwa walewale siku ileile bila dawa katikati, na ADC ya titi ilitikisika kwa takriban asilimia 4.8. Kutokana na mtikisiko huo, badiliko la asilimia 13 kwenda juu ndilo unaloweza kuliamini kwa uhakika wa asilimia 95. Kwa hiyo 20 ni badiliko. Ingekuwa 1.15 kwenda 1.25, ni asilimia 9 hivi, nyamaza. Kwa kiungo kingine kizingiti ni kingine: ubongo 11, ini 26, tezi dume 47. Anayechukua namba ya titi akaitumia kwenye ini anajidanganya.

Sasa ukweli wenyewe, maana ni lazima usemwe: katika utafiti huohuo, badiliko la ADC wiki ya 3 lilitabiri pCR kwa AUC ya 0.53, ambayo ni sarafu. Wiki ya 12 ilifika 0.60. Kundi lenye vipokezi vya homoni bila HER2 ndilo lililofanya vizuri, 0.76 wiki ya 12. ADC ikisimama peke yake mapema haitoshi kumbadilishia mtu dawa.

Kupima ubora hakuhitaji fedha nyingi. Chukua chupa ya plastiki ya maji safi iliyofungwa vizuri, izamishe kwenye chombo cha barafu iliyosagwa na maji, acha saa moja au zaidi mpaka yote yafike sifuri ya Selsiasi. Piga kwa mpangilio uleule wa mgonjwa. Maji ya sifuri yana ADC ya 1.1 × 10⁻³. Ikisoma 1.2, gredienti zina shida au barafu imeyeyuka. Kisha sogeza chombo sentimita 10 pembeni, mahali titi linapokaa, upige tena. Mashine nyingi husoma sawa katikati na kupotoka pembeni. Ndiyo sababu titi likikaa mahali pengine ziara ya pili, namba inabadilika yenyewe.

Makosa ya kuchora: usiingize mafuta, ADC yake iko karibu na sifuri na itashusha wastani. Usiingize sehemu iliyooza wala yenye maji, itapandisha. Chora kwenye picha ya b = 800 ukiwa na ile ya kontrasti pembeni, ndipo uhamishie kwenye ramani ya ADC. Uvimbe wa ute una ADC kubwa toka mwanzo, usitegemee itapanda.

Hadubini

Kutoka patholojia. Vokseli aligusia mirija hapo juu, nami nasisitiza. Saratani ya ndani ya mirija ikibaki inaweza kuwaka kwenye MRI, radiolojia wanaandika "masalia," sisi tunaandika pCR. Wote wako sahihi. Kinyume chake, paklitakseli na wenzake hupunguza mishipa na uvujaji, seli chache zilizotawanyika zinabaki hai bila kuwaka, picha inasema safi, hadubini inasema hapana. Hii huonekana zaidi kwenye uvimbe wenye vipokezi vya homoni na kwenye saratani ya vijitundu vya maziwa, ambayo seli zake hutembea mstari mmoja mmoja. Picha safi si ruhusa ya kuacha upasuaji. Jaribio la NRG BR005 liliunganisha picha za aina tatu na biopsi ya eneo la uvimbe, na bado halikufika kiwango cha asilimia 90 walichokuwa wamejiwekea.

Takwimu_Safi

Wadau, mtu akileta programu ya akili bandia yenye "usahihi wa asilimia 80", muulizeni kwanza: kwa wagonjwa gani?

Chukua kipimo kinachokamata 80 kati ya 100 watakaopata pCR na kuwaachia 80 kati ya 100 wasioipata. Kwenye kundi ambalo nusu yao hupata pCR, ukisema "atapata" unapatia mara 80 kwa 100. Kwenye kundi la vipokezi vya homoni bila HER2, ambako pCR ni kama 10 kwa 100, kipimo kilekile kinapatia mara 31 tu kwa 100: kati ya wagonjwa 100, wa kweli 8, wa uongo 18. Mashine haijabadilika, wagonjwa ndio wamebadilika.

Swali la pili: sifa ngapi, wagonjwa wangapi? Programu hizi huchota sifa elfu moja na zaidi za umbile na mchanganyiko wa rangi kutoka uvimbe mmoja. Ukiwa na wagonjwa 60, lazima baadhi zitaoana na matokeo kwa bahati tu. La tatu: vipande vya picha vya mgonjwa mmoja viliwekwa upande wa kujifunzia na upande wa mtihani? Hapo programu imekariri mtu, haijajifunza ugonjwa.

Mlinganyo

Nakubaliana na Takwimu_Safi, na ndiyo maana njia ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, kundi la Thomas Yankeelov, inastahili kuangaliwa. Wao hawategemei maelfu ya wagonjwa kufundisha mashine. Wanaandika mlinganyo wa ukuaji wa uvimbe wa mgonjwa mmoja. ADC ya kila vokseli inageuzwa kuwa makadirio ya idadi ya seli: karibu na 3.0 × 10⁻³, ambayo ni maji huru kwenye joto la mwili, ni karibu hakuna seli. ADC ndogo kabisa ndani ya uvimbe ni mahali palipojaa. Picha za kontrasti zinaonyesha damu inafika wapi, kwa hiyo dawa inafika wapi. Mlinganyo una kasi ya seli kuzaana, kutawanyika, tishu ngumu inayozizuia, na kifo kutokana na dawa. Picha mbili za kwanza zinatumika kupata namba za mgonjwa huyo, kisha mlinganyo unasukumwa mbele hadi siku ya picha ya tatu na kulinganishwa.

Udhaifu wake uko wazi. Picha mbili lazima zilale juu ya kila moja vokseli kwa vokseli, na titi ni laini, halikai lilipokaa jana. Kosa la kulinganisha la milimita 3 linageuka kuwa "seli zimehama". Na kila kosa la ADC alilotaja Barafu linaingia moja kwa moja kwenye idadi ya seli.

Nesi_wa_Kliniki

Nimeelewa mengi, ahsanteni. Basi picha ya wiki ya 3 ikija mbaya, mgonjwa anabadilishiwa dawa?

Dkt_Mwambao

Si kwa picha peke yake. Ujazo ukiwa umeongezeka waziwazi na mkono unakubali, rudia biopsi na mpasuaji aitwe mapema. Ujazo ukiwa umesimama palepale, mwache amalize dawa ya kwanza chini ya macho, usingoje ratiba iishe ndipo umguse tena. Ukishuka sana, furahini naye, lakini dozi zisipunguzwe nje ya utafiti. Utafiti wa I-SPY 2.2 unawaruhusu baadhi kwenda upasuaji mapema, na hapo MRI inaambatana na biopsi, ndani ya uangalizi mkali.

Mwanafunzi_wa_Mionzi

Wakuu, samahani kuuliza nje kidogo. Wagonjwa wengi huku kwetu ni wa shingo ya kizazi. Haya yanahamishika?

Barafu_na_Sumaku

Misingi ndiyo, namba hapana. Kule tiba ni mionzi pamoja na sisplatini ya kila wiki, na picha muhimu ni ya kabla, ya karibu na tiba ya mionzi ya ndani, na ya miezi mitatu baada ya kumaliza. Ya tatu ukiiwahisha, uvimbe-maji wa mionzi unang'aa kwenye T2 (picha zinazong'arisha maji) na kuonekana kama masalia. DWI husaidia kutenganisha. Ile ya kabla ya mionzi ya ndani usiione kama ya kutabiri tu: kiasi kilichobaki siku hiyo ndicho kinachopangiwa dozi. Kabla ya kupiga, mgonjwa apewe dawa ya kutuliza utumbo na kibofu kisiwe kimejaa sana, vinginevyo picha inatikisika.

Chumba_cha_Sumaku

Na mimi niulize ninyi wasomaji. Mashine ya 1.5 T (tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku) ikiharibika wiki ya picha ya pili, mgonjwa akapelekwa kwenye ya 3 T hospitali nyingine, mnasomaje?

Vokseli

Mwako hubadilika na nguvu ya sumaku, mafuta huzimwa tofauti, koili ni nyingine. Asilimia ya upungufu haiandikwi. Kama mashine itarudi ndani ya siku chache na dozi inayofuata bado, ni afadhali kungoja. Haiwezekani? Basi mpime kwa rula, eleza umbo kwa maneno, weka jina la mashine na nguvu yake mstari wa kwanza wa ripoti, na hiyo ya 3 T iwe picha ya mwanzo mpya kwa zitakazofuata hukohuko. Akirudi 1.5 T wiki ya 12, linganisha na ile ya kwanza kabisa, ruka ya katikati.